Msumenoni, Mwaka Tulipowasha Moto Wenyewe

Vijana wangu, mtu asiwadanganye kwamba msumeno unanolewa kwa mkono. Msumeno unanolewa kwa sikio. Mkono kazi yake ni kushika tupa tu. Mimi umri wangu wote wa kazi nimeumalizia Msumenoni, kule deltani upande wa Mbuchi, nikinoa misumeno ya kiwanda cha mbao tangu enzi ya Mdachi mpaka meno yangu mwenyewe yalipoanza kung'oka. Jino bovu likipita kwenye mti nalijua hata nikiwa nimejilaza nyuma ya ghala. Linasema kh, kh, kh, kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki kibua.

Kila mkinikuta mnaniuliza habari za vita vya Maji Maji, na nawaona mnangoja bunduki. Bunduki mimi nilizisikia kwa mbali. Nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu, nacho ni mtaa wetu, na jinsi mwaka ule ulivyoingia ukiwa mtaa wa vibarua na kutoka ukiwa mji.

Kwanza mjue palivyokuwa. Kabla ya kiwanda pale hapakuwa na kitu ila mikoko na viboko. Mdachi mmoja akaileta mashine kwa stima, vipande vipande, akaisimamisha kwenye tuta la mchanga ambako hata maji makubwa ya bamvua hayafiki. Akajenga dohani ndefu ya matofali, moshi ukapaa, na yeye tukamwita Bwana Dohani, maana alikuwa mrefu vilevile na kiko hakikumtoka mdomoni. Watu wakaanza kuja. Walikuja wakata mikoko wa visiwani, wakulima wa Ruaruke waliochoka kulimia nguruwe, na Wamatumbi walioshuka kutoka milimani wakikimbia pamba ya lazima. Kila aliyefika aligawiwa mabanzi, yale maganda ya gogo ambayo msumeno huyatoa mwanzo, akajijengea nyumba. Wapita mtoni walitucheka, wakasema tunaishi ndani ya masanduku. Hazikupita masika mbili, wao ndio wakawa wanakuja kuomba mabanzi.

Ardhi yetu ilikuwa nyekundu kwa magome ya mkoko. Yaliambuliwa pale, yakatiwa magunia, yakaenda Ulaya kutengenezea ngozi. Maji ya gatini yalikuwa mekundu, nyayo za watoto nyekundu, hata kuku weupe hawakukaa weupe.

Aliyetulisha alikuwa Bi Tatu, mjane wa Mbuchi, mwenye chungu cha wali ambacho wanaume wawili walikiinua kwa kusaidiana. Sheria zake zilikuwa chache. Ukichelewa huli, ukitukana huli. Siku moja Bwana Dohani alimpiga mtu teke karibu na jiko lake, na mchana ule Bwana Dohani hakupelekewa samaki. Hakuuliza kwa nini. Teke pale jikoni halikuonekana tena.

Mwalimu wangu wa tupa alikuwa Fundi Mshamu, mtu wa Kilwa, ambaye kabla ya kuja kiwandani alikuwa akiunda mashua. Fundi Mshamu hakuwa mtu wa kelele. Nilipoanza, alinipa msumeno mkubwa wa duara niupange meno. Kanuni ni jino moja linalala kulia kidogo, linalofuata linalala kushoto, ndipo msumeno upate njia ya kupumua ndani ya mti. Mimi nikayalaza yote upande mmoja, nikajiona nimemaliza upesi. Ubao uliotoka ulipinda kama mwezi mwandamo. Kiwanda kizima kikasimama kungoja nitukanwe. Fundi akauokota ule ubao, akautia miguu, akauweka jikoni kwa Bi Tatu uwe benchi. Kila aliyekaa aliteleza mpaka katikati, akamkuta mwenzake naye kateleza. Ndoa mbili za Msumenoni zilianzia pale, na Fundi kila akipita husema, "Athumani, umesaidia watu."

Jambo jingine alilonifundisha, nanyi lishikeni: gogo lioshwe kabla ya kupandishwa. Matope ya mtoni yana mchanga, na mchanga mdogo uliojificha kwenye gome unakula meno kuliko mti wenyewe. Siku hizi nawaona mnasukuma magogo machafu kwenye mashine za mafuta, halafu mnalaumu chuma cha Ulaya.

Basi, vita. Milimani watu walikuwa wamechoka kuchapwa kwa ajili ya pamba isiyolika. Likaja neno la dawa ya maji, kwamba atakayeinywa na kujipaka, risasi itamgeukia maji. Likateremka kijiji kwa kijiji mpaka likafika kwetu kwa minong'ono. Wenzetu wengine waliweka shoka chini mchana kweupe, wakatupa mkono wa kwaheri, wakaenda. Shemeji yangu Mbonde, mume wa dada yangu Siwema, ambaye alikuwa amemwoa na kumpeleka kwao Umatumbini, naye alikunywa. Halafu tukasikia pamba imeng'olewa, na baada ya pamba, watu.

Bwana Dohani hakungoja asikie mara ya pili. Stima ilikuja, akapakia masanduku yake, akamwambia Ngwele, "Zima moto. Ngojeni." Akaenda zake.

Ngwele alikuwa mchochea moto wa boila, Mndengereko mfupi, mweusi kwa masizi, mwenye maneno mengi. Boila lile alilisemesha kama mke. "Leo umeamkaje? Mbona unanuna? Nimekuletea kuni za mchu, mkoko mkavu, kula." Siku ile ya kulizima alikaa mbele yake mpaka chuma kikapoa, asimsemeshe mtu. Na mtaa nao ukanyamaza. Nyinyi hamjui ukimya wa mahali palipozoea kelele. Watu walianza kusikia watoto wao wenyewe wakikohoa. Wengine wakafunga mikeka, tayari kuhama.

Asubuhi moja, maji yakipwa, wanawake wa gatini wakaona gogo linateremka na mtu juu yake. Tukamvuta kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Alikuwa mdogo wake Mbonde. Mgongo wake ulikuwa na makovu ya viboko vya shamba la pamba, na midomo imepasuka kwa njaa. Bi Tatu akampa uji, akamkataza kusema mpaka aumalize. Alipoumaliza akaniangalia mimi.

"Kaka Athumani, dada Siwema yuko kivuko cha Mkuyuni, ng'ambo ile. Yuko na mama yetu, na miguu ya mama imevimba, hatembei. Watu wamejaa pale. Nyuma yao maghala ya chakula yanachomwa, na mitumbwi yote ya upande ule askari wameitoboa. Mbele mto, na mto una mamba."

"Na Mbonde?" nikauliza.

"Sijamwona tangu walipoondoka kwenda kupigana."

Tukakusanyika jikoni. Mitumbwi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kubeba watu wawili watatu, na wavuvi wenye vyombo vikubwa walikuwa wamekimbilia visiwani. Kila mtu alisema lake. Fundi Mshamu alikuwa anachora chini kwa kijiti. Mwishowe akasema, "Nipeni mbao, nitawapa tishali, chombo kipana cha kubeba watu kwa wingi."

Mtu akamjibu, "Mbao Bwana kazichukua zote na stima."

"Magogo yapo," akasema Fundi. "Mbao zinakaa ndani yake."

Hapo kila mtu akaelewa kinachosemwa. Kuwasha moto. Mzee mmoja mkata mikoko akatikisa kichwa. "Dohani ile inaonekana kutoka kila upande. Wapiganaji wakiona moshi, watasema sisi ni watu wa Mdachi. Askari wakiuona, watasema tunamwibia Mdachi. Tutauawa mara mbili."

Bi Tatu alikuwa anapepeta mchele. Hakuuweka ungo chini. "Hakuna afaye mara mbili," akasema. "Nusu ya walioko kule ng'ambo, ndugu zao wamekula chungu hiki. Ngwele, unangoja nini?"

Wanangu, nimeona sikukuu nyingi, lakini sijaona siku kama ile. Ngwele alikimbia, namna ya mtu anayekwenda kumpokea mkewe kwa wakwe. Moto ukashika. Moshi ukatoka kwanza mweupe, halafu mweusi, na watu wote tukasimama tunautazama ukipanda, tunasubiri kitu kitupige kutoka angani. Hakikutupiga kitu. Mshale wa mvuke ukaanza kutambaa kwenye saa yake, mkanda wa ngozi ukatikisika, gurudumu likajizungusha taratibu kama lililosahau, kisha likakumbuka. Hapakuwa na mzungu wa kutuambia anza. Tulitazamana. Fundi akanigusa bega, "Bismillahi." Nikauteremsha mti kwenye meno.

Meno nilikuwa nimeyanoa usiku na mchana wa ule ukimya, kwa kukosa kazi nyingine. Yakapita kwenye gogo la mkomafi, mkoko wenye mti mwekundu, kama kisu kwenye papai. Ubao wa kwanza ulipoanguka, mwekundu na wenye unyevu, wanaume wazima walipiga vigelegele pamoja na wanawake. Kila mtu akapata kazi hapohapo. Wanawake wanaosha magogo, watoto wanazoa vumbi la mbao, wakata mikoko waliotaka kuhama wamesahau mikeka yao na wanabeba. Misumari ilikuwa kidogo, basi Fundi akatufundisha kuchonga vigingi vya mti mgumu na kushona mbao kwa kamba za nazi, kazi ya babu zake Kilwa. "Msumari unashika," alisema, "kamba inasamehe."

Likabaki jambo moja, kalafati. Chombo kisipozibwa katikati ya mbao ni tenga tu. Kwa kawaida huzibwa kwa pamba na mafuta ya papa. Mafuta yalikuwepo, pamba wapi? Mdogo wake Mbonde, aliyewahi kubebeshwa pamba mpaka gatini kwetu, akatuongoza ghalani. Palikuwa na robota la pamba ya mashamba, lililokuwa linangoja stima. Akalipasua yeye mwenyewe kwa panga. Akasokota, akachovya, akasokomeza kwenye nyufa kwa nyundo na patasi, haraka haraka, jasho linapita juu ya yale makovu.

"Nimeibeba hii tangu nina akili," akasema. "Leo itanibebea mama yangu."

Tishali lilipokwisha, tukapanda mto na maji ya kujaa, mimi, Fundi, Ngwele, mdogo wake Mbonde na wenzetu. Kule kwetu mto unarudi nyuma bahari inapoingia, na mwenye akili hapigi kasia, anangoja. Maji yalipoishiwa nguvu tukashika pondo. Mahali mto unapopinda palikuwa na kituo cha askari, na ombasha mmoja, ndiye mkubwa wao, ameketi kwenye kichuguu, bunduki magotini.

"Mnakwenda wapi nyie?"

Ngwele, ambaye ulimi wake haukupata kutu hata siku moja, akajibu, "Tunafuata magogo ya mkongo, afande. Ya bwana wetu wa kiwanda. Yalikatwa zamani, yanaoza."

"Bwana wenu si amekimbia vita?"

"Kaenda kuleta vyuma, afande. Na gogo halijui kama kuna vita."

Ombasha akacheka. "Siku mkipasua, nikumbukeni na mimi mbao za kitanda. Nalala chini na siafu."

"Inshallah, afande."

Mkuyuni tuliwakuta. Sitawaeleza sura zao zote. Walikuwa wamekaa kimya kwenye ukingo, wanawake, wazee, watoto, na tishali lilipojitokeza hakuna aliyenyanyuka. Walidhani ni askari. Mdogo wake Mbonde akasimama mbele, akawaita kwa Kimatumbi. Ndipo nikamwona Siwema. Alikuwa amembeba mama mkwe wake mgongoni, mtu mzima, kama mnavyobeba mtoto. Alimteremsha kwenye mikono yangu kabla ya kunisalimia.

"Mchukue mama."

"Ingia na wewe."

"Hujaona watoto wale? Tishali lako si la mpira. Mimi nina miguu, nitangoja."

Nilimsihi. Dada yangu akisema amesema, tangu udogo wetu. Akawapakia wengine yeye mwenyewe, akawapanga kama anayepanga vyungu.

Tukalaza miti juu yao, na juu ya miti majani mabichi, ionekane ni shehena ya magogo. Hiyo ni desturi ya kweli: gogo bichi likipigwa na jua hupasuka, kwa hiyo hufunikwa. Tulipojisukuma tu, Fundi Mshamu akatazama ubavu wa tishali, uso ukambadilika. "Hatuwezi kupita hivi," akasema. "Mkongo mbichi ni mzito kama jiwe. Tishali lenye mkongo hulala majini mpaka karibu na ubao wa juu. Sisi tunaelea kama bata. Yule ombasha ameukalia mto muda mrefu, macho anayo."

"Tufanyeje?"

"Tuyaingize maji."

Akachomoa kizibo. Maji yakaingia, na wale watu, waliokuwa wamekimbia moto, wakakaa ndani ya maji mpaka viunoni, wamepakata watoto, na hakuna aliyelia. Tishali likashuka, likashuka, mpaka Fundi akaridhika, akakirudisha kizibo kwa ngumi. Nilimweka Mama Mbonde juu ya taruma, ule mti wa ndani wa chombo, miguu yake mibovu majini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Yanaipoza."

Ombasha alikuwa palepale. "Leo mmepakia."

"Tumepakia, afande," akasema Ngwele.

"Nitupieni gogo moja nikalie."

Ngwele akaegemea upondo wake kana kwamba siku yote ni yake. "La mkongo, afande? Njoo ulibebe mwenyewe, ukiweza nitakupa na la pili."

Askari wenzake wakamcheka ombasha. Naye akacheka, akapunga mkono. Tukapita. Baada ya ule mpindo, kutoka chini ya majani nikasikia sauti ya Mama Mbonde, "Huyu mfupi mrongo sana. Ana mke?"

Kesho yake tulipasua mbao za kitanda, nzuri, laini, tukampelekea ombasha. Alifurahi hata hakutuuliza tunakwenda wapi. Lakini Mkuyuni, ukingo ulikuwa mtupu. Majivu yalikuwa yanafuka. Niliruka kabla tishali halijagusa nchi, nikawa naita huku na huku, "Siwema, dada Siwema," sauti inanirudia. Fundi akanishika mkono, "Taratibu, watasikia wasiotakiwa." Nikaacha kuita. Nikapiga mluzi tuliokuwa tunapiga utotoni tukifukuza ndege mpungani. Kimya. Nikapiga tena. Matete yakajibu.

Akatoka ndani ya matete, tope mpaka shingoni, na nyuma yake wengine wote, wameshikana mikono.

"Umechelewa," akasema.

"Tulingoja maji yajae."

"Mama alifika?"

"Alifika. Amekula."

Ndipo akakaa chini pale pale kwenye tope. Nikamuuliza habari za shemeji. Akatazama mto. "Mbonde usimngoje, Athumani. Mimi nimeshaacha." Nikampa mkono, akanyanyuka, akaanza kuwapakia watu.

Tulikwenda na kurudi mpaka ukingo ukawa mtupu kwa haki. Na Msumenoni ikawa mji. Mabanzi hayakutosha, tukapasua mengine makusudi. Upande wa nyuma ya ghala ukaitwa Umatumbini, na unaitwa hivyo mpaka leo. Njaa ya baada ya vita ilikuwa kubwa, nanyi mmesikia ilivyoua watu bara. Kwetu Bi Tatu alipunguza wali akazidisha samaki, na wanawake wa milimani wakatuongoza maporini kuchimba ming'oko, mizizi ambayo sisi watu wa maji tulikuwa tunaipita bila kuijua. Ngwele alioa kule Umatumbini. Mshenga alikuwa Mama Mbonde.

Siku Bwana Dohani aliporudi, aliona moshi kabla hajaiona gati. Akateremka, akatazama nyumba, akatazama watu asiowajua, akatazama tishali. Sote tulikuwa tumesimama, na Fundi Mshamu mbele.

"Nani amewasha moto?"

"Kutu, bwana," akasema Fundi. "Mashine isipowashwa inaliwa na kutu. Tukaihurumia."

Bwana Dohani akalizunguka tishali. Akaligonga ubavuni, akapitisha kidole kwenye kalafati, akachomoa uzi wa pamba, akauangalia muda mrefu. Vibarua wake wengi walikuwa wamekufa au kupotea, na watu wenye mikono walikuwa wamesimama mbele yake. Akauangusha ule uzi majini. "Kesho filimbi ipigwe," akasema, akaingia nyumbani kwake.

Sasa, ile filimbi ya mvuke sisi hatukuipiga hata mara moja tulipokuwa peke yetu. Tulithubutu moshi, kelele zile hatukuthubutu. Kwa hiyo wageni wetu hawakuwa wanaijua. Asubuhi Ngwele akavuta kamba, ikalia mto mzima, na Umatumbini yote ikatoka mbio. Wanawake wamekwapua watoto, wazee wameacha bakora, wote wanaingia mikokoni. Siwema naye alikimbia. Tukawafuata tunaita, "Rudini, ni kazi tu, rudini," na wao wanazidi.

Aliyebaki alikuwa Mama Mbonde, mlangoni kwake, miguu imenyooka mbele. Nilirudi nikamkuta anatazama dohani.

"Kinachopiga kelele ni nini, mwanangu?"

"Kinaita watu kazini, mama."

"Kazi gani?"

"Kupasua mbao. Na kuambua magome."

Akafikiri. "Magome nayajua. Kwetu tumeambua miombo kwa ajili ya kamba na mizinga tangu sijavunja ungo. Mimi kukimbia nimemaliza. Lete kisu."

Nikamletea kisu na gogo la mkoko. Jua lilipopanda, wenzake walianza kurudi mmoja mmoja kutoka mikokoni, wanachungulia, matope magotini, wakamkuta bibi amekaa palepale, rundo la magome mekundu limemfika mapajani, na anaulizia gogo jingine.